Kanga Huyu Katoka Wapi? Mwongozo wa Leseni kwa Wafugaji wa Ndege wa Porini Songwe

Waweke kanga wawili ndani ya tenga moja, stendi ya Tunduma. Mmoja aliatamiwa na kuku wa kienyeji kule Mlowo, akakulia uani kwa pumba, mchwa na makoko ya ugali. Mwenzake alinaswa kwa kitanzi wiki iliyopita kwenye vichaka vya Momba. Wote wawili wana manyoya ya kijivu yenye vitone vyeupe, kichwa kitupu chenye kipembe cha mfupa, na kelele zile zile za kuamsha mtaa mzima. Hata daktari wa mifugo hawezi kuwatenganisha kwa kuwatazama tu, maana ni spishi moja. Mbele ya sheria, hata hivyo, hawafanani kabisa. Wa kwanza anaweza kutetewa kuwa ndege wa kufugwa, ilimradi anayemfuga ana karatasi za kuonyesha alikomtoa. Wa pili ni nyara ya Serikali, na aliyembeba anaweza kujikuta anasomewa shtaka la uhujumu uchumi.

Ofisa wanyamapori akifika bandani huanza na swali hilo hilo: ndege huyu umemtoa wapi? Mfugaji wa Songwe anayetaka kuzalisha na kuuza kanga, kwale, kware au bata wa porini anapaswa kuwa na jibu lililoandikwa kabla yai la kwanza halijaatamiwa. Banda likikosewa hubomolewa likajengwa upya, na chakula kikiwa duni hubadilishwa. Asili ya ndege haina marekebisho.

Sheria inayotawala jambo hili ni Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Na. 5 ya mwaka 2009, iliyochukua nafasi ya ile ya 1974. Watu wengi wakisikia habari za nyara huwaza pembe za ndovu na ngozi za chui. Sheria imekwenda mbali zaidi ya hapo: inamhesabu mnyama mwenyewe, awe hai au mfu, pamoja na nyama yake, ngozi, kucha, manyoya, na hata yai.

Yai ndilo linalowaponza wengi. Kanga wa porini hutaga chini, kwenye majani marefu pembezoni mwa shamba, na majike kadhaa huweza kutaga kiota kimoja. Kwa hiyo mkulima anayepalilia mahindi yake Kakozi au Kamsamba anaweza kukuta mayai ishirini na kitu mahali pamoja. Anayaokota kwenye kofia, anayapeleka nyumbani, yanawekwa chini ya kuku anayeatamia, na baada ya siku 26 hadi 28 vifaranga wenye michirizi ya kahawia wanachungulia kutoka kwenye mbawa za mama wa kambo. Hakuna aliyetega wala aliyefyatua risasi, na kijijini huo ni ujanja wa kawaida tu ambao hakuna anayeuona kuwa ujangili. Kisheria, mayai yale yalikuwa nyara tangu yalipotoka kiotani, na kifaranga hageuki kuwa kuku kwa sababu ameatamiwa na kuku.

Kupatikana na nyara ya Serikali bila kibali kunaangukia kifungu cha 86 cha sheria hiyo. Adhabu hupanda kulingana na aina ya mnyama na thamani ya nyara. Zipo faini zinazokokotolewa kwa kuzidisha thamani hiyo, na kwa makosa mazito kipo kifungo cha miaka 20 hadi 30. Bila shaka mwenye kanga watatu hawekwi kapu moja na mwenye meno ya tembo. Lakini kosa lenyewe limo katika orodha ya Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200, na mtu aliyezoea kesi za Mahakama ya Mwanzo hushangaa anapoona jinsi mambo yanavyobadilika hapo: taratibu za dhamana ni nyingine, kibali cha kuendesha shtaka kina njia yake, na mshtakiwa anaweza kusota. Jambo la kukumbuka zaidi ni kwamba aliyekutwa na nyara ndiye anayetakiwa kuonyesha kuwa aliipata kihalali. Mwenye stakabadhi anaitoa, mambo yanaishia hapo. Asiye nayo anabaki kusimulia.

Kuna wanaouliza, mbona kwelea kwelea wanauawa kwa maelfu na ndege za Serikali zinazonyunyizia sumu mashamba ya mpunga, na hakuna anayeshitakiwa? Kwelea kwelea ni wasumbufu wa mazao na hudhibitiwa na mamlaka za kilimo kwa utaratibu wao. Kanga naye hufukua mbegu za mahindi, kila mkulima wa bonde la Rukwa anajua, lakini hiyo haimpi mtu ruhusa ya kumfunga bandani. Analalamikiwa kwa ofisa wanyamapori, halafu ofisa huyo ndiye anayeamua la kufanya.

Sasa, leseni yenyewe inaombwa wapi? Mamlaka ya kuruhusu mtu kufuga na kuzalisha wanyamapori iko Wizara ya Maliasili na Utalii, chini ya Mkurugenzi wa Wanyamapori. Usimamizi wa kila siku nje ya hifadhi za taifa na Ngorongoro uko kwa TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, iliyoundwa kwa tangazo la Serikali la mwaka 2014 na kuanza kazi Julai 2016, makao makuu yake yakiwa Morogoro. Mkazi wa Tunduma hana haja ya kupanda basi la Morogoro siku ya kwanza. Anaanzia kwa ofisa wanyamapori wa halmashauri yake, iwe Mji wa Tunduma, Mbozi, Momba, Ileje au Songwe. Mkoa huu ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 na makao yake yako Vwawa, kwa hiyo mtu mwenye nyaraka za zamani zinazosema "Mbeya" azihuishe kwanza. Anwani inayopishana na hati ya kiwanja ni sababu tosha ya faili kurudishwa.

Kanuni zinatambua aina kadhaa za mahali pa kutunzia wanyamapori. Ipo bustani, ambako watu hulipa kiingilio kutazama wanyama. Ipo ranchi, eneo pana ambamo wanyama hujitafutia malisho. Lipo shamba, ambako wanyama huzalishwa kwenye eneo lililozungushiwa uzio au mabanda, wakahudumiwa kwa chakula na dawa. Mfugaji wa ndege kwa ajili ya kuuza huangukia kwenye shamba. Akikosea akaomba bustani kwa sababu amesikia jirani ana bustani, atapewa masharti ya wageni na usalama wao ambayo hayahitaji, na huenda akakosa ruhusa ya kuuza anayoihitaji kuliko zote.

Faili la maombi huwa na mambo ambayo yeyote aliyewahi kuomba mkopo benki atayatambua: uthibitisho wa umiliki wa ardhi au mkataba wa kupanga, mchoro wa eneo na mabanda, mpango wa biashara, aina na idadi ya ndege wanaokusudiwa, watakakotoka, na nani atawatibu. Kwa mradi mkubwa huingia na suala la mazingira, ambalo liko chini ya baraza la taifa la mazingira, NEMC. Kama ardhi ni ya kijiji, muhtasari wa kikao kilichoridhia uwe na saini na mhuri. Mtendaji wa kijiji aliyehama akaacha muhtasari bila mhuri amewachelewesha watu wengi kuliko sheria yoyote.

Kisha huja ukaguzi. Mkaguzi anatazama uzio, maji, kivuli, sehemu ya kutenga wagonjwa, na kama ndege wanaweza kutoroka. Kwa kanga hilo la mwisho si dogo. Kanga aliyekomaa huruka ukuta wa mita mbili bila taabu, na hupenda kulala juu ya mti au paa. Banda lisilo na wavu juu linahitaji ndege wakatwe manyoya ya bawa moja, na yakiota upya wakatwe tena. Mwenye nyumba za kupangisha katikati ya mji wa Tunduma afikirie pia majirani: kanga mmoja akimwona paka usiku, mtaa mzima utajua, na sheria ndogo za halmashauri kuhusu mifugo mjini ziko palepale hata kwa mwenye leseni ya wizara.

Kiini cha faili lote ni pale panapoandikwa ndege watatoka wapi. Njia halali ni tatu. Ya kwanza ni kununua kutoka kwa mtu ambaye tayari ana leseni ya kuzalisha. Ya pili ni kukamata porini kwa kibali maalumu cha ukamataji, ambacho hutaja spishi, idadi, mahali na muda, na ambacho ni karatasi tofauti kabisa na leseni ya uwindaji. Mtu mwenye leseni ya kuwinda kanga kumi ameruhusiwa kuwaua na kuwala. Hakuruhusiwa kuwapeleka bandani wakazaliane. Ya tatu ni kuingiza kutoka nje ya nchi, na kwa mtu wa Tunduma njia hiyo inaonekana rahisi kuliko zote kwa kuwa nje ya nchi ni ng'ambo ya barabara. Tutaifikia.

Kwa anayeanza, njia ya kwanza ndiyo ya kushika. Anunue jozi chache kutoka shamba lenye leseni, adai stakabadhi yenye namba ya leseni ya muuzaji, tarehe, idadi ya madume na majike, na namba za pete au vibati vya bawani kama vipo. Apige nakala ya leseni ya muuzaji siku hiyo hiyo. Muuzaji anayekataa kutoa nakala, akisema "usijali, mimi najulikana", aachwe na ndege wake. Kujulikana kwake hakutasafiri kwenye lori hadi kizuizi cha barabarani.

Vipi kuhusu kanga wa rangi nyeupe, au wale wa rangi ya majivu mepesi yenye ubuluu, ambao hawaonekani porini? Rangi hizo ni matokeo ya karne nyingi za ufugaji, na kwa macho zinasaidia hoja kwamba ndege ni wa kufugwa. Zinasaidia, lakini hazitoshi kuchukua nafasi ya stakabadhi. Na kanga wengi wa vijijini Tanzania wanaofugwa kama kuku, vizazi na vizazi, wana rangi ile ile ya porini. Mwenye ndege wa namna hiyo, asiye na uhakika kama ofisi itamhesabu mfuga kuku au mfuga wanyamapori, aandike barua. Aieleze historia ya ndege wake, aambatishe picha na barua ya mtendaji wa kijiji, aipeleke kwa Mkurugenzi wa Wanyamapori kupitia ofisa wanyamapori wa halmashauri, na nakala yake igongwe mhuri wa kupokelewa. Jibu la mdomo la ofisa mwema linakwisha siku anapohamishwa kwenda Lindi.

Kware wana habari yao, nayo inafaa kusimuliwa kwa urefu kidogo kwa kuwa iliwaumiza watu wengi wa nchi jirani.

Kware wa kufugwa ni wa asili ya Japani. Huatamiwa siku 17 au 18, huanza kutaga wakiwa na wiki sita au saba, na yai lao lina uzito wa gramu kumi hivi. Kasi hiyo ndiyo iliyowatia watu wazimu nchini Kenya mwaka 2013. Zikaenea habari kwamba mayai ya kware yanatibu kisukari, shinikizo la damu, pumu na mengine mengi, na bei ya yai moja ikapanda hadi kufikia shilingi mia moja za Kenya. Walimu, wastaafu na vijana wa vyuo wakauza walichokuwa nacho, wakanunua ndege na mashine za kutotolea. Wakati huo huo Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, lilikuwa likiwakumbusha kuwa kware ni miongoni mwa wanyamapori, na kwamba asiye na leseni anavunja sheria. Sheria mpya ya wanyamapori ya nchi hiyo, ile ya 2013, ilianza kutumika Januari 2014, wakati wimbi likiwa juu. Wengi walipanga foleni kuomba leseni. Ilipofika katikati ya mwaka 2014 soko lilikuwa limeanguka. Yai liliuzwa kwa shilingi chache tu, na kuna waliowagawa ndege bure.

Ajabu ni kwamba huko huko magharibi mwa Kenya watu walikuwa wameishi na kware kwa muda mrefu bila wazimu wowote. Waluo wanamwita aluru. Huwaweka kware waitao ndani ya vitundu vidogo vya kusuka, vikapangwa juu ya mti mrefu, na sauti zao huwashusha kware wa porini kwenye mitego iliyotegwa chini. Huo ni uwindaji wa msimu wa kitoweo, na hakuna aliyewahi kuweka nyumba rehani kwa ajili yake.

Mfugaji wa Songwe anapata mambo mawili hapo. La kwanza, kuwa na leseni hakumaanishi kuna mnunuzi. KWS waliruhusu watu kufuga. Hawakuahidi kununua yai hata moja. La pili, kware ni mfano wa ndege ambaye mtu anaweza kumwona kama kuku mdogo huku ofisi ikimwona kama mnyamapori. Uganda wanaligawanya jambo hili kwa madaraja ya haki za matumizi ya wanyamapori, daraja B likiwa la ufugaji na D la biashara, kwa hiyo mwenye B anayetaka kufanya biashara ya ndege anajua kuna karatasi nyingine inamsubiri. Tanzania haina madaraja hayo, lakini mfugaji afikirie kwa namna hiyo hiyo: kufuga, kukamata, kusafirisha na kuuza nje ni ruhusa nne tofauti, na moja haibebi nyingine.

Na sasa mpaka. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019 na marais John Magufuli na Edgar Lungu, na tangu hapo malori yanayokwenda Zambia na Kongo hukaguliwa sehemu moja badala ya mbili. Kwa wenyeji mpaka haujawahi kuwa ukuta. Wanyamwanga wako pande zote mbili, shangazi yuko Nakonde na mpwa yuko Tunduma, na kuku wa harusi wamekuwa wakivuka na mama mzaa chema tangu enzi na enzi. Kanga wa Zambia ni wengi na wanapikwa sana. Kishawishi cha kuvuka asubuhi, kununua vifaranga thelathini na kurudi nao kwenye boksi la mafuta ya kupikia, kipo.

Asithubutu. Mwezi Oktoba 2017, vifaranga 6,400 wa kuku kutoka Kenya walikamatwa Namanga na kuteketezwa kwa moto kwa amri ya Serikali ya Tanzania, na miezi michache baadaye, Februari 2018, maelfu wengine wakachomwa hapo hapo. Kelele zilikuwa kubwa, za wapenda wanyama na za wanadiplomasia, lakini msimamo wa wizara ya mifugo haukuyumba: kuna zuio la kuingiza kuku na mazao yake lililowekwa kwa hofu ya mafua ya ndege. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Mwanzoni mwa mwaka huo huo wa 2017 mafua ya ndege yalithibitishwa Uganda, kwenye ghuba ya Lutembe ya Ziwa Victoria, baada ya ndege wa majini kuonekana wakifa. Vifaranga wale wa Namanga walikuwa kuku wa kawaida. Mtu mwenye kanga wasio na cheti cha daktari wa mifugo wa Zambia, wala kibali cha Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo wa Tanzania kilichotolewa kabla ndege hawajaondoka, asitarajie huruma zaidi. Na kama ndege ni wa porini, Zambia nayo ina Sheria ya Wanyamapori ya 2015 na idara yake ya hifadhi za taifa na wanyamapori, ambayo lazima iridhie atoke. Kwa ufupi, mwenye mtaji mdogo aifute njia hii kwenye mpango wake.

Kuelekea upande wa pili, yaani kuuza ndege hai wa porini nje ya nchi, mlango umekuwa mgumu zaidi. Novemba 2010 wanyama hai zaidi ya mia moja, wakiwamo twiga na ndege, walipakiwa uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) kwenye ndege ya kijeshi na kupelekwa Qatar. Mshtakiwa mkuu alihukumiwa mwaka 2014 akiwa amekwisha kutoroka. Mwaka 2016, baada ya tumbili 61 kukamatwa uwanja huo huo wakiwa njiani kwenda Armenia, Waziri wa Maliasili na Utalii wa wakati huo, Jumanne Maghembe, alizuia usafirishaji wa wanyamapori hai kwa miaka mitatu. Juni 2022 TAWA ilitangaza kuwapa wafanyabiashara miezi sita wasafirishe waliobaki mikononi mwao; tangazo halikumaliza siku mbili, Waziri Pindi Chana akalisimamisha. Biashara inayoweza kufungwa na tangazo moja haifai kukopewa fedha. Soko la mfugaji wa Songwe liko Vwawa, Mlowo, Mbeya mjini na kwenye hoteli za barabara kuu ya Zambia.

Wizara ya Maliasili ikimalizika, ipo Wizara ya Mifugo na Uvuvi, ambayo haijali ndege ni wa porini au wa nyumbani ilimradi anaweza kubeba ugonjwa. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003 inataka ndege anayehama wilaya awe na kibali cha kusafirisha kutoka kwa daktari wa mifugo. Kinapatikana haraka kama daktari anamfahamu mfugaji na ana rekodi za chanjo. Mdondo ndio adui mkuu. Chanjo ya I-2 inayostahimili joto hutolewa tone moja jichoni, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu, na chupa moja inatosha ndege wengi, kwa hiyo majirani hushirikiana kuinunua. Tarehe ya kila chanjo iandikwe.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 nayo ina neno kuhusu usafiri. Kufunga kanga miguu, kuwaning'iniza vichwa chini kwenye usukani wa bodaboda kutoka Mlowo hadi Tunduma, ni kosa, na pia ni hasara: kanga ni ndege wa woga, hupapatika hadi avunjike bawa. Tenga la fito lenye mfuniko, lisilo refu kiasi cha ndege kuruka ndani yake, likifunikwa gunia jepesi, humtuliza. Gizani kanga hunyamaza.

Daftari la shamba ndilo litakalomwokoa mfugaji, na halihitaji kompyuta. Mstari mmoja kwa kila tukio: tarehe, mayai yaliyookotwa bandani, yaliyoatamiwa, yaliyototolewa, waliokufa na sababu, waliouzwa na kwa nani. Hesabu lazima ifunge. Aliyenunua ndege kumi na wawili mwezi wa tatu, akauza themanini mwezi wa kumi, aweze kuonyesha wale sitini na nane wa ziada wamezaliwa lini. Mkaguzi akiona vifaranga ni wengi kuliko mayai yaliyookotwa bandani, atajua wengine walitoka wapi. Waliokufa wasifichwe kwa aibu. Vifaranga wa kanga hufa sana kwa baridi na umande wiki za mwanzo, na daftari lisilo na kifo hata kimoja linatia shaka kuliko lenye vifo kumi.

Kuuza kuna milango yake. Leseni ya biashara hutoka halmashauri, kwa sasa kupitia mfumo wa TAUSI, na inadai TIN ya TRA. Mwenye jina la biashara hulisajili BRELA. Kanuni za uuzaji wa nyamapori za mwaka 2020 zinahusu anayetaka kuuza nyama: bucha la nyamapori lina leseni yake, na nyama yake lazima itoke kwenye chanzo halali na ikaguliwe. Mwenye hoteli anayeweka kanga kwenye menyu anajiweka hatarini akinunua kwa mtu wa tenga asiyejulikana, kwa hiyo mfugaji mwenye karatasi ana silaha ya kumshinda mshindani wa bei rahisi. Amwachie mwenye hoteli nakala ya leseni, na kila mzigo uende na stakabadhi. Ada zote za Serikali hulipwa kwa namba ya malipo, benki au kwa simu. Anayetaka fedha mkononi "ili faili lisonge" hana stakabadhi ya kumpa, na shamba hili zima limejengwa juu ya stakabadhi.

Yuko pia msomaji ambaye amefika hapa akiwatazama kanga sita uani, waliotokana na mayai ya shambani mwaka juzi. Asiwauze, na asiwachinje haraka haraka, maana nyama na manyoya ni nyara vilevile. Kuwaachia porini kimyakimya nako si dawa. Ndege waliokaa na kuku wanaweza kupeleka mdondo kwa wale wa mwituni. Apate ushauri wa wakili, kisha aende mwenyewe kwa ofisa wanyamapori akiwa na mtendaji wa kijiji, aeleze, na maelezo yaandikwe. Anayekwenda mwenyewe anapokelewa tofauti na anayefuatwa kwa taarifa ya jirani mwenye kinyongo.

Kuhusu wakati: mvua za Songwe huanza Novemba, na kanga hutaga zikishachanganya. Ukaguzi huwa mwepesi kiangazi, barabara za Momba zikipitika na mabanda yakiwa makavu. Kwa hiyo barua ya kwanza ikipelekwa Mei au Juni, maombi yanaweza kupita mikononi mwa wakaguzi, ndege wazazi wakanunuliwa Septemba, wakapata muda wa kuzoea banda na kuchanjwa. Anayeanza kuulizia leseni Desemba, kuku wake wakiwa tayari wamelalia, atasubiri msimu mwingine.